Abiria wa Mama Vifaranga

Siku redio ilipotangaza lile gari jipya, Mama Vifaranga alikuwa amepiga magoti mbele ya mashine yake ya kutotolea, akisikiliza mayai. Si utani. Siku ya kuanguliwa, kifaranga huanza kulia akiwa bado ndani ya ganda, na mama huyu alikuwa na masikio ya kuunasa mlio huo hata feni zikiwa zinavuma.

"Hebu nyamazisha hiyo randa yako kidogo," alimpigia kelele mumewe kupitia dirishani. "Wameanza kubisha hodi."

Mumewe, seremala mwenye karakana ubavuni mwa nyumba, aliinua mikono juu kama mtu aliyekamatwa. Randa iliponyamaza, redio ikapata nafasi yake. Ilikuwa inasifia gari dogo la mizigo, jipya kabisa, lenye kiyoyozi mbele na nyuma, mpaka kwenye mizigo.

Mama Vifaranga akageuza shingo. "Wamesema mpaka wapi?"

"Mpaka kwenye mizigo."

Akarudisha sikio kwenye mayai. Lakini seremala alikuwa ameishi na mke huyo muda wa kutosha kujua kwamba akinyamaza namna ile, kuna jambo limeshaingia jikoni na moto umewashwa.

Jina la Mama Vifaranga hakuzaliwa nalo. Ujana wake aliumalizia katika hospitali kubwa ya mji, na hakuwa daktari wala muuguzi. Alikaa katika kachumba chini ya ngazi, mbele ya swichibodi, akipokea simu. Kila aliyepiga alipita masikioni mwake kwanza. Mtu alipotamka neno la kwanza tu, yeye alishajua kama huyu anaulizia saa za kuona wagonjwa au mwenzake anakata roho, na huyo wa pili alimuunganisha na daktari hata kabla hajamaliza kujieleza. Kisha ikaletwa mashine inayopokea simu yenyewe, bonyeza moja, bonyeza mbili, na kachumba kake kakawa stoo ya mifagio. Alipewa cheti, akapigiwa makofi, akapigwa na picha. Mbele yao hakutoa chozi. Alilia nyumbani, bafuni, bomba likiwa wazi ili watoto wasisikie.

Mumewe si mtu wa maneno mengi ya kubembeleza. Alichofanya ni kuburuta jokofu bovu lililotupwa nyuma ya nyumba ya jirani, akalitoboa, akalitengenezea trei za mbao, akafunga taa na feni ndogo. "Lilizoea kugandisha," alimwambia mkewe. "Sasa tutalifundisha kuatamia."

Mara ya kwanza jokofu halikufundishika. Mayai yalioza, nyumba nzima ikanuka, watoto wakaenda kulala kwa shangazi yao. Mara ya pili vikatoka vifaranga vya kuhesabika kwa vidole, vimelowa, vinayumba kama walevi, na mama wa watu akakaa sakafuni akavitazama mpaka vikakauka na kuwa manyoya. Hapo ndipo alipopona. Miaka ikapita, jokofu likazaa mashine, mashine ikazaa chumba, chumba kikala nusu ya karakana ya seremala. Mji mzima ukawa unanunua kwake. Ukitaka kifaranga asiyesinzia, walisema, nenda kwa Mama Vifaranga.

Lakini kulikuwa na jambo lililomkaa kooni.

Juu milimani, ng'ambo ya bonde, kulikuwa na ushirika wa akina mama wafugaji. Walikuwa na hewa ya baridi, mahindi ya kutosha na mabanda safi. Walichokosa ni vifaranga wazima. Njia ya kwenda kwao ilipita kwanza katika bonde linalochoma kama kikaango, halafu ikapanda kwa kona zisizokwisha. Mama Vifaranga aliwahi kujaribu, na gari lake kuukuu ambalo mdogo wake alilipa jina la Kikohozi. Aliondoka na maboksi yanayolia. Alipofika katikati ya kilima, maboksi mengi yalikuwa kimya. Hakuendelea. Aligeuza gari, akarudi nyumbani bila kuwasha redio, na wiki ile hakuna aliyethubutu kumtania.

Kwa hiyo neno "mpaka kwenye mizigo" halikuwa tangazo kwake. Ilikuwa ni kama mtu amemwita kwa jina lake la utotoni.

Jumapili, baada ya chakula cha mchana, ukoo ukaketi. Mdogo wake, muuza vipodozi, mwanamke anayejua rangi ya mdomo inayovaliwa mwaka huu na itakayovaliwa mwakani, hakusubiri vyombo viondolewe.

"Dada, nunua. Akiba unayo, uzinduzi ni wiki hii, na wa kwanza kufika wanapunguziwa. Unangoja nini? Ngoja ngoja huumiza matumbo."

Shemeji yake, mdogo wa seremala, fundi makenika aliyelirudishia Kikohozi uhai mara nyingi kuliko anavyokumbuka, akatikisa kichwa taratibu. "Haraka haraka haina baraka. Gari jipya linapotoka, wanunuzi wa kwanza ndio watu wa majaribio. Spea hazijafika, mafundi hatujalifungua hata boneti. Ngoja mwaka, miwili. Wenzako wagundue ugonjwa wake."

"Chelewa chelewa, utakuta mwana si wako!"

"Subira yavuta heri!"

"Mbona wewe umesubiri kuoa mpaka mvi zimeingia, heri yenyewe iko wapi?"

Watu wakaangua kicheko, hata fundi mwenyewe. Seremala alipoulizwa maoni yake alijikuna kidevu. "Mbao mbichi huitumii mpaka ikauke," alisema. "Lakini hilo ni la mbao. Mimi naona tusubiri, tuone."

Mama Vifaranga alikuwa akikusanya makombo mezani kwa kiganja. "Mmeongea vizuri wote," akasema. "Ila kuna wahusika hamjawauliza."

"Nani hao?" akauliza mdogo wake.

"Abiria."

Jumatatu alivaa gauni lake la kutokea, akafunga kitambaa kichwani, akaenda duka la magari. Ukumbi ulikuwa wa vioo vitupu, maputo yamefungwa milangoni, na lile gari limesimama katikati, jeupe, linang'aa kama jino la mtoto. Alimpokea bwana mmoja wa makamo, muuzaji, amepiga suti na tai nyekundu shingoni ndefu mpaka kwenye mkanda.

"Karibu sana, mama. Umefika mahali penyewe."

Mama Vifaranga akaitazama ile tai, akashindwa kujizuia. "Mwenzio nafuga vifaranga, halafu nimejileta kwa tai kwa miguu yangu mwenyewe."

Bwana akacheka mpaka akashika meza. Tangu saa ile jina lake likawa Tai, akalipokea bila kinyongo. Akamwonyesha kioo cha ramani, kamera ya kurudi nyuma, spika, taa zinazowaka zenyewe. Mama Vifaranga aliitikia kila kitu kwa heshima, kisha akaenda nyuma, akafungua mlango wa mizigo, akaingia, akakaa chini sakafuni na kujifungia.

"Mama?" Tai akagonga. "Mama, kuna tatizo?"

"Washa kiyoyozi," ikatoka sauti ndani. "Niache nisikilize."

Alitoka akiwa ametabasamu nusu. "Hewa ipo. Sasa nataka kulijaribu nikiwa na abiria wangu. Tuvuke bonde, tuanze kilima, turudi."

Meneja wa duka, mama mwenye miwani na viatu virefu, akaitwa. Akasikiliza, akashangaa, akavua miwani. "Samahani, mama yangu. Hapa hatujaribu magari na kuku."

"Na mimi, mwanangu, sinunui gari bila kuku."

Wakatazamana. Halafu Tai, ambaye alikuwa bado na kicheko kooni, akasema kwa upole kwamba yeye mwenyewe ataenda, na kwamba atatandika nailoni chini. Meneja akavaa miwani yake tena. "Likirudi linanuka," akamwambia Tai, "utaliosha wewe."

Wakaenda siku ya kuanguliwa. Mama Vifaranga alishika usukani, Tai pembeni, nyuma maboksi yenye matundu yamepangwa kwa nafasi ili hewa ipite. Mjini gari liliteleza kama sabuni. Bondeni, jua lilikuwa limekaza, lami inatoa mvuke, mbuzi wamejibana kwenye vivuli vya nguzo za umeme. Ndani ya gari ilikuwa asubuhi ya baridi.

"Wasikie hao," alisema Mama Vifaranga, na sauti yake ilikuwa imelegea kwa raha. "Wanapiga soga. Kifaranga akistarehe analia chini chini, kama mtu anayejisemesha."

"Mimi nasikia kelele tu," alisema Tai.

"Utazoea."

Wakafika kilimani. Gari likaanza kupanda, injini ikanguruma, kona ikafuata kona. Mama Vifaranga akainamisha kichwa upande. Soga lilikuwa limebadilika. Mlio ulikuwa unapanda, unachongoka, unakuwa mwembamba na mkali. Akanyoosha mkono kwenye kitundu cha hewa. Ilikuwa inatoka ya vuguvugu.

"Kiyoyozi kimezima."

"Haiwezekani, mama, taa yake inawaka hii hapa."

"Taa haiatamii. Shuka tufungue nyuma!"

Alilisimamisha gari pembeni, kwenye kivuli cha mwamba, breki imevutwa. Wakafungua milango yote, wakashusha maboksi chini, wakafunua vifuniko. Vifaranga walikuwa wamefungua midomo, mabawa wameyaachia. Mama Vifaranga akanyunyizia maji ardhini kuzunguka maboksi, akaanza kupepea kwa kitambaa chake cha kichwa. Tai alisimama sekunde moja akiangalia suti yake, kisha akavua koti, akalishika kwa mikono miwili, akapepea kwa nguvu zake zote, tai inamruka usoni, jasho linamtiririka. Lori lililokuwa linapita likapunguza mwendo, dereva akatoa kichwa nje kushuhudia bwana mwenye suti anapepea kuku.

Mlio ukashuka. Ukalainika. Mwishowe soga likarudi. Hakufa hata mmoja.

Tai akakaa juu ya jiwe, anahema. "Mama," akasema, "nimewasikia. Sasa nimewasikia."

Walirudi mjini taratibu. Mama Vifaranga alimkabidhi funguo, akapapasa boneti kama mtu anayemuaga farasi. "Gari zuri sana," alisema. "Ila halijaiva. Nitasubiri."

"Punguzo la uzinduzi linaisha mwezi huu, mama. Ni wajibu wangu kukwambia."

"Liishe salama. Na wewe nakuomba uwaandikie wakubwa zako uliyoyaona kilimani."

Nyumbani mambo yalikuwa moto. Mdogo wake alizunguka sebuleni akiwa ameshika kichwa. "Dada! Gari la ndoto zako unalikataa kwa sababu ya kilima?"

"Kilima ndicho safari yenyewe. Huku chini hata Kikohozi ananifikisha."

Fundi naye akajinyoosha kwenye kiti kwa raha ya mtu aliyeshinda kesi. "Nilisema mimi. Tukae, tusubiri."

"Wewe nawe tulia, shemeji," akamgeukia. "Kusubiri kwako ni kulala. Mimi nasubiri nikiwa nimesimama mlangoni, nagonga."

Hata hivyo kugonga kulikuwa kazi. Tai aliandika, hakujibiwa. Mjini yale magari meupe yakaanza kuonekana. Muuza maziwa wa mtaa wa pili alinunua la kwanza, akawa kila asubuhi anapita mbele ya nyumba ya Mama Vifaranga akipiga honi ndefu na kupunga mkono. Kikohozi, kwa upande wake, akaamua kukohoa zaidi. Halafu mwenyekiti wa ushirika wa milimani akapiga simu. Zamani alikuwa mwalimu mkuu, na bado aliongea kama mtu aliyeshika chaki.

"Mama, nikueleze ukweli. Akina mama wamemaliza kuandaa mabanda na bado ni matupu. Kuna mfanyabiashara mwingine anasema ataleta vifaranga kwa basi. Unasemaje?"

Mama Vifaranga alifumba macho. Ingekuwa rahisi kusema nakuja. "Nikija leo, mwalimu, nitawaletea maiti," alisema. "Nipeni mpaka mvua zikatike. Nikishindwa, nitawaambia mwenyewe, hamtasikia kwa watu."

Upande wa pili kukawa kimya, kimya kile alichojua kukipima tangu siku za swichibodi. Hakikuwa cha hasira.

"Mtu anayekataa kutuuzia vifaranga wafu," mwenyekiti akasema, "huyo tutamngoja."

Siku chache baadaye, muuza maziwa akaja. Hakupiga honi. Aliegesha gari nje, akabisha hodi, akakaa kwenye ukingo wa kiti akichezea kofia yake.

"Dada yangu, nilisikia ulilijaribu gari na kuku, nikacheka. Nilicheka sana, nisikufiche."

"Nilisikia," alisema Mama Vifaranga. "Una kicheko kikubwa."

"Nimepata mteja kule juu. Maziwa yanafika kilimani yamechacha. Nikirudi dukani wananiambia gari halina kasoro, taa inawaka."

Mama Vifaranga hakumkebehi. Alimmiminia maji ya kunywa, akavuta kiti karibu, akachukua simu yake. "Tuwapigie makao makuu yao. Sasa hivi, tukiwa wawili."

"Hawapokei. Nimejaribu. Ni mashine tu, inakuzungusha mpaka unakata mwenyewe."

Hapo Mama Vifaranga akatabasamu tabasamu ambalo mumewe, aliyekuwa mlangoni na msumeno, hakuwa ameliona siku nyingi. Mashine ya kupokea simu. Walikuwa wanafahamiana.

Akapiga. Sauti ikamwambia abonyeze moja, akabonyeza. Abonyeze nne, akabonyeza. Ikamwambia simu yake ni muhimu sana, ikampigia muziki. Akaweka simu juu ya meza, spika wazi, akaendelea kupanga vifaranga kwenye maboksi. Muziki ukaisha, ukaanza upya. Muuza maziwa akaanza kusinzia. Laini ikakatika, akapiga tena, bila kusonya wala kulaani. Alijua kitu ambacho wapigaji wengi hawakijui, kwamba nyuma ya kila mashine ya namna ile, mwisho kabisa wa kamba, kuna binadamu amechoka, na ukimkuta usimrukie.

"Huduma kwa wateja," ikasema sauti ya binti, kavu kama mkate wa juzi.

Mama Vifaranga akanyoosha mgongo. Sauti iliyomtoka ilikuwa ile ya zamani, tulivu, ya kachumba chini ya ngazi. "Habari za kazi, mwanangu. Leo umetukanwa na wangapi?"

Binti akacheka, cheko la ghafla lisiloandikwa katika kanuni za kazi. "Wengi, mama."

"Basi mimi si mmoja wao. Nilifanya kazi hiyo yako miaka mingi, naijua. Nina shida moja, nitakueleza kwa ufupi, halafu wewe utajua nani hapo kwenu anaijua injini. Si anayeuza. Anayeijua."

Akaeleza. Kilima, mzigo, hewa ya vuguvugu, taa inayowaka bure. Muuza maziwa akaongezea ya kwake. Binti akasema, "Msikate, mama. Naenda mwenyewe kumwita." Nao hawakukata.

Aliyekuja mjini wiki ile alikuwa mhandisi, mama kijana mwenye kofia ya kapelo na kompyuta ya mapajani. Hakubisha, hakujitetea. Aliomba kuona. Wakapakia maboksi ya vifaranga na madumu ya maziwa kwenye gari la muuza maziwa, Tai akajikunja nyuma katikati ya mizigo kwa hiari yake, safari hii bila koti, wakaenda. Kilimani, mlio ulipoanza kuchongoka, hata mhandisi aliacha kutazama kompyuta akageuka nyuma.

"Ndio hivyo wanavyosema?" akauliza.

"Ndio hivyo," akajibu Tai kabla ya Mama Vifaranga. "Wana joto."

Mhandisi akabonyeza, akasoma, akaguna. "Gari linafanya lilivyoagizwa," akaeleza walipokuwa wamesimama pembeni. "Likipanda na mzigo, kompyuta inapunguza kiyoyozi ili injini isielemewe. Tuliwaza watu. Mtu akiona joto anashusha kioo."

"Vifaranga hawana mikono," alisema Mama Vifaranga.

"Wala maziwa," akasema muuza maziwa, na wote wanne wakacheka pale pale barabarani.

Haikuwa kazi ya siku moja. Mhandisi aliondoka na ripoti, akapiga simu akiuliza hili na lile, akasema wasafirishaji wa dawa na maua nao wamejitokeza na shida hiyo hiyo. Mvua zikanyesha, zikaanza kupungua. Mdogo mtu akaacha kusema, jambo lililomtisha Mama Vifaranga kuliko kelele zake. Kila asubuhi aliangalia mawingu, na kila asubuhi alijiuliza kama hajacheza na bahati ya akina mama wa milimani kwa ajili ya ukaidi wake tu. Jioni moja alimwambia mumewe, "Labda ningenunua, nikawa napumzika njiani." Seremala akapuliza vumbi la mbao kwenye mikono yake. "Ungekuwa unapumzika na maiti," akasema, na kwa mtu asiyebembeleza, huko kulikuwa kubembeleza kukubwa.

Kisha asubuhi moja Tai akapiga simu. Alikuwa anapiga kelele. "Mama! Mama Vifaranga! Leta abiria wako!"

Yalikuwa yamekuja magari mapya na kompyuta iliyofundishwa adabu, na yale ya kwanza, la muuza maziwa likiwamo, yakabadilishiwa bila malipo. Mama Vifaranga akapakia, Tai akaketi pembeni yake, wakavuka bonde, wakaanza kupanda. Wote wawili walitega sikio. Kona, kona, kona. Injini ilinguruma kama mtu anayebeba gunia. Nyuma, soga liliendelea, chini chini, la kujisemesha, mpaka kilele. Alisimamisha gari juu kabisa, akashuka, akaenda nyuma ya gari peke yake. Aliporudi macho yalikuwa mekundu na meno yote nje.

"Nipe karatasi zako, Tai," akasema. "Nasaini hapa hapa juu ya boneti."

Siku ya safari yenyewe familia nzima ilitaka kupanda. Walioshinda ni mumewe, kwa haki ya ndoa, na mdogo wake, kwa haki ya mdomo. Fundi alibaki na Kikohozi, baada ya kuchungulia uvungu wa gari jipya, kulizunguka, kulifungua boneti na hatimaye kutamka, "Si baya," maneno ambayo kwake ni sawa na wimbo wa sifa.

Ushirika ulikuwa umejaa uwanja. Akina mama walisimama na makoti ya baridi, wengine wameshika vikapu, wengine wamejifunga vitambaa tu na kukunja mikono, nyuso za watu waliowahi kuahidiwa mengi. Mwenyekiti alikuja mbele, mrefu, mkongojo mkononi.

"Tunasikia wengi wametoka kwako, mama. Hebu tuone wangapi wamefika."

Mama Vifaranga akafungua milango ya nyuma, yote miwili kwa pamoja.

Sauti ndiyo iliyotoka kwanza. Ilimwagika uwanjani, maelfu ya midomo midogo inasimulia safari, na akina mama waliokuwa nyuma wakasikia kabla ya kuona. Mtu mmoja akapiga kigelegele. Kikaitikiwa. Maboksi yakashushwa mkono kwa mkono, vifuniko vikafunuliwa, na ndani ya kila boksi kulikuwa na zulia la manjano linalotembea. Mwenyekiti alichukua kifaranga mmoja, akamweka kiganjani, akamgeuza, akamtazama miguu, macho, kitovu. Akachukua wa boksi jingine. Wa boksi la mwisho, la chini kabisa. Kisha akamwinua juu ya kichwa chake ili wote waone, na kifaranga, badala ya kuogopa, akaupigia kelele uwanja mzima.

"Huyu anatuamkia!" akasema mwenyekiti, na uwanja ukapasuka.

Mdogo wake Mama Vifaranga alikuwa analia waziwazi, wanja unamshuka mashavuni, bidhaa yake mwenyewe. "Isingekuwa mimi kukwambia ununue," alisema katikati ya kwikwi, na dada yake akamkumbatia kwa nguvu mpaka akanyamaza. Seremala alishikwa mikono na akina mama asiowajua, wakimshukuru kwa kazi ambayo haikuwa yake, naye akawa anaitikia tu, "Asanteni, asanteni, shukuruni huyo mama pale."

Jua lilipoanza kuegemea, maboksi yalikuwa matupu na mabanda yamejaa taa za joto. Mwenyekiti alimsindikiza mgeni wake mpaka kwenye gari.

"Kuna wenzetu wa mlima wa pili, wamesikia, nao wanataka," alisema. "Lakini najua mambo haya yana siku zake. Utaweka mayai lini, tujue tuwaambie nini?"

"Yameshawekwa," alisema Mama Vifaranga.

Mumewe akageuka ghafla. "Yamewekwa lini?"

"Hii ni wiki ya tatu sasa."

"Kabla hatujajua kama hawa watafika?"

Mama Vifaranga alikuwa ameshakaa kwenye usukani, mkanda amefunga, kioo ameshusha, upepo wa milimani unampepea usoni. Akawasha injini.

"Nyie ndio hamkujua," akasema. "Panda gari, mume wangu, nyumbani kuna watoto wanakaribia kubisha hodi."